Bwana Anauliza kama Wote Wametoka

Jumatatu, 16 Novemba 2009

Nimeanza kazi mpya leo na tayari naogopa. Naandika Kiswahili kwa sababu binti yangu Nicole hakisomi, na Baba Nicole hana subira ya kusoma kitu kisicho na picha.

Mzee wangu mpya anakaa Karlavägen, ghorofa ya tatu, kwenye nyumba yenye vyumba visivyo na kazi. Ana miaka tisini na miwili. Si Mswidi, ni Mwairishi, tena si Mwairishi hivi hivi. Ni lodi, Lord Kilmorragh, na baba yake alikuwa Lord Kilmorragh, na babu yake vilevile. Alikuwa mwanasiasa. Ukutani kuna picha yake amevaa joho jekundu lenye manyoya meupe mabegani, ndani ya Bunge la Mabwana huko London, ambako alikaa mpaka walipowaondoa watu wenye viti vya kurithi. Mke wake, daktari Birgitta, ndiye aliyemleta Stockholm. Birgitta alikufa miaka mitano iliyopita na Kiswidi cha mzee kikamfuata kaburini. Ndiyo maana kampuni ilinitafuta mimi, na Kiingereza changu cha kuokota Nairobi tulipokuwa wakimbizi.

Mwanawe, Desmond, alipiga simu kutoka Dublin. Ana sauti ya upole. Akaniambia, "Baba yangu hutoka. Mwezi wa kumi walimkuta barabarani na soksi. Baridi kali ikija, akitoka mara moja tu, atakufa. Nakuomba sana." Nikamuuliza Annika, mkubwa wangu, kama naweza kufunga mlango kwa ufunguo. Akasema hapana, sheria hairuhusu, hapa hatumfungii mtu ndani. Kwa hiyo kati ya mzee yule na baridi niko mimi tu, mpaka Prudence wa zamu ya usiku anapokuja kunipokea saa kumi na moja.

Nilipokuwa naaga, mzee alinishika mkono wa sweta. "Bridie," akasema, "wote wametoka?" Nikamwambia jina langu ni Maombi. Aliendelea kunitazama, anangoja jibu.

Ijumaa, 20 Novemba

Ameuliza tena kama wote wametoka. Nimemwambia tuko wawili na wote tuko ndani. Akaacha chakula.

Alhamisi, 26 Novemba

Leo alikuwa na akili zake zote, na nimegundua kwamba anapenda utani. Aliniuliza kwetu lodi anaitwaje. Nikamwambia Bwana. Akalirudia mpaka likamkaa. Nikamwambia pia ndivyo tunavyomwita Mungu, na ndivyo mwanamke anavyomwita mume wake.

"Kazi tatu," akasema, "na sijawahi kuifanya hata moja vizuri."

Tumekubaliana nimwite Bwana. Tumekubaliana pia kwamba sitagonga mlango wa chumba chake tena, kwa sababu kila nikigonga anajikunja kitandani na macho yanamtoka. Nitasimama nje niseme hodi, naye atasema karibu. Nimemfundisha. Anasema "karibu" vizuri kuliko Nicole.

Jumapili, 29 Novemba

Kanisani Hallunda, mtaani kwetu mwisho wa mji, nilisimama wakati wa maombi nikasema Bwana wangu hali vizuri, mniombee. Baada ya ibada Mama Wangari, yule Mkenya wa kafeteria ya Karlaplan, akamfuata mume wangu, Évariste, na bakuli la uji wa wimbi. "Pole Baba Nicole, wanasema chakula hakipiti." Évariste alikuwa ameshika mguu wa kuku mkononi.

Njiani akaninunia. "Bwana wako ni mimi," akasema. "Yule mwite mzee." Nilicheka mpaka kituo cha treni. Yeye hakucheka.

Jumapili, 13 Desemba

Nilikuwa zamu. Asubuhi kukiwa bado na giza, watoto wa jengo walipanda ngazi wakiimba, wamevaa kanzu nyeupe, na binti wa mbele ana mishumaa kichwani. Ni sikukuu yao ya Lucia. Nicole naye alivaa hivyo shuleni Ijumaa, ila mishumaa ya Nicole ni ya betri. Hii ilikuwa ya moto kweli. Waligonga, nami nikafungua bila kufikiri.

Bwana alikuwa nyuma yangu. Alichukua chombo cha maua akammwagia binti wa watu maji yote kichwani, na maua yake. Mama wa mtoto alinisema mpaka akaishiwa maneno. Nilimpangusa yule binti kwa taulo naye akaniambia haidhuru, maskini, huku anatetemeka.

Nilipofunga mlango nilimkuta Bwana amekaa sakafuni, mgongo ukutani. "Wametupa dakika ngapi?" akauliza.

Mimi naijua sentensi hiyo. Kule Uvira, kwetu Kongo, na sisi walitupa dakika. Sijawahi kumsimulia mtu yeyote katika jengo hili habari za Uvira, na huyu mzee mwenye joho jekundu ananiuliza swali la mama yangu, kwa sauti ileile ya chini. Nilikaa sakafuni karibu naye. Nikamshika mkono, tukasikiliza watoto wakiimba ghorofa ya juu.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Desmond alitaka kuja, ndege hazikuruka kwa theluji. Bwana ameuliza kama wote wametoka, mara nyingi.

Alhamisi, 7 Januari 2010

Theluji haijasita tangu mwaka uanze. Leo kulikuwa na watu juu ya paa, wanasukuma theluji chini kwa makoleo, na mmoja barabarani anapuliza filimbi ili wapita njia wasipigwe. Buti zao zilikuwa zinatembea juu ya vichwa vyetu. Bwana alishindwa kukaa. Alivaa koti, nikamvua. Akavaa tena, nikamvua tena, nikasimama mbele ya mlango na mikono nimeitanua, nikaona aibu, maana hiyo nayo ni kufungia mtu.

Mwishoni nikamwuliza, "Bwana, Bridie ni nani?" Akakaa. Akaniambia yote kwa mpangilio, na hakukosea neno.

Alikuwa na miaka mitano. Baba yake alikuwa amekubali kiti cha seneti katika serikali mpya ya Ireland, na wale wasioitaka serikali hiyo walikuwa wanachoma nyumba za maseneta. Wakaja wanaume na mafuta ya taa. Hawakuwa na matusi, anasema, mmoja hata alivua kofia. Wakatoa dakika kumi na tano. Mama yake akawatoa watoto nje kwenye majani, mkabala na nyumba. Akawahesabu. Akahesabu wageni, akahesabu mbwa. Akasema wote wametoka, na wale watu wakawasha.

Bridie alikuwa msichana wa jikoni. Alilala chini ya paa, kwenye kichumba cha ngazi ya nyuma. Alikuwa anampa huyu mtoto kipande cha pembeni cha mkate ukiwa bado wa moto, na mikono yake ilikuwa imepasuka kwa baridi. Mtoto alimtafuta pale kwenye majani, hakumwona. Alitaka kusema. Lakini alikuwa amefundishwa asiseme mbele ya wakubwa mpaka aulizwe.

"Na hakuna aliyeniuliza," akasema.

Nilitaka kumwambia mtoto wa miaka mitano hana kosa. Nilikuwa namdhania ana majivuno, ananiita kwa jina la mfanyakazi wao wa zamani kwa sababu wafanyakazi wote kwake ni mmoja. Kumbe miaka yote hii anatafuta mtu mmoja.

Mbwa walihesabiwa. Nimerudi Hallunda na hasira hiyo, na nimeona hasira ni nafuu kuliko hofu.

Jumanne, 12 Januari

Baridi mno. Kope zinashikana.

Jumatano, 20 Januari

Annika alikuja. Nikamwambia naogopa, nikasema hivyohivyo, jag är rädd. Akaandika, akanipa kengele ya kutundika mlangoni. Ni kengele ndogo, ya kuchezea paka. Baba Nicole akasema labda watuletee na paka mwenyewe. Usiku naota mlango uko wazi.

Alhamisi, 4 Februari

Kuna tangazo kwenye mlango wa jengo. Nilisoma neno sotare nisilielewe, nikampigia Nicole. Akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwa sauti ya mtu anayeelezea mtoto: ni yule anayesafisha bomba la moshi, mama, anavaa nguo nyeusi, ana masizi. Anakuja Alhamisi ijayo.

Mtu mweusi kwa masizi ataingia ndani, achokore mahali pa moto, kisha apande juu ya paa. Nimeomba waahirishe. Haiwezekani, ni sheria. Nchi hii ina sheria kwa kila kitu isipokuwa kwa woga.

Jumatano, 10 Februari

Kesho. Nimemweleza Bwana mara nyingi. Amesema, "Nimeelewa, Bridie."

Alhamisi, 11 Februari

Ni usiku sana. Nitaandika hivyo hivyo.

Msafishaji alifika saa nne. Kijana mpole, kofia mkononi. Nilipoiona ile kofia nilimkumbuka yule wa mafuta ya taa aliyevua yake. Lakini Bwana alimpokea kama balozi. Alimpa mkono, akamuuliza habari za wazazi wake, akataka nimmiminie mvinyo. Kijana akasema asante, akafanya kazi yake pale mahali pa moto, akatoka kwenda kwenye mabomba mengine. Nikasema Mungu ni mwema, tumevuka. Tulikula. Bwana akasinzia kwenye kiti.

Saa tisa na nusu nilishuka chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, kutoa mashuka kwenye mashine. Nilikaa kidogo tu. Niliporudi ile kengele ya paka ilikuwa chini sakafuni na mlango uko wazi, kama kwenye ndoto zangu.

Koti lake lipo. Viatu vipo. Sebuleni kulikuwa na harufu ya masizi, na juu ya paa buti zilikuwa zinatembea. Yule kijana alikuwa amefika kwenye bomba letu kutoka juu, na vumbi jeusi lilikuwa linadondoka mahali pa moto.

Niliwapigia polisi simu. Wakauliza jina, umri, nguo. Shati jeupe, suruali ya kijivu, miguu mitupu, nikasema. Nje ilikuwa nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Wakasema gari linakuja. Halafu nikawaandikia ujumbe Bethuel wa kanisani kwetu na Mama Wangari, kwa sababu Bethuel huegesha teksi yake Stureplan, na Wangari yuko Karlaplan, wangefika kabla ya polisi. Niliandika: Bwana ametoka nje bila koti wala viatu, njooni haraka tumtafute.

Nikakimbia. Nilikimbilia upande wa treni kwa sababu huko ndiko ningekimbilia mimi. Nilimuuliza kila mtu. Watu wa Östermalm, mtaa huu wa matajiri, huwa wanatazama kando mtu akikimbia, lakini mwanamke mmoja mwenye kigari cha mtoto alikimbia nami hadi kona. Nilifika Karlaplan, nikachungulia kituoni, nikarudi, nikaingia ua wa nyuma, nikaita "Bwana" mpaka koo likauma. Giza lilikuwa linaingia. Nilikuwa naomba kwa jina lilelile ninaloliita, na kichwani sikujua tena namwita nani.

Simu ikalia. Ni Wangari. "Mama Nicole, tuko hapa Hallunda, mbele ya maduka. Bethuel amezunguka mpaka Norsborg na gari. Alivaa suruali ya rangi gani?"

"Hallunda? Mnafanya nini Hallunda?"

"Si ndiko mnakokaa? Umesema bwana ametoka bila viatu. Nimefunga kafeteria, nimeingia kwa teksi ya Bethuel. Watu wa kanisa wote wako nje wanamwita Évariste."

Nilisimama katikati ya njia. Wangari alikuwa hatua chache kutoka hapa, na neno langu mwenyewe ndilo lililompeleka mwisho wa mji. Nikasema, "Ni mzee wangu, Wangari. Ni yule lodi." Nikamsikia anamwambia Bethuel, "Geuza gari." Nilijua hawatawahi.

Nikapanda juu. Sijui kwa nini, miguu ilipanda yenyewe. Niliwasha taa zote za nyumba, kila chumba, ili polisi waone ni wapi. Nikaenda dirishani.

Barabara yetu ina njia ya miti katikati, na mwaka huu magari ya theluji yamerundika ukuta mrefu pande zote mbili. Nyuma ya ukuta huo, chini ya mti, mkabala kabisa na mlango wetu, alikuwa amesimama mtu mwenye shati jeupe. Nilikuwa nimempita wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Hakuwa amekwenda popote. Alikuwa anaangalia nyumba.

Aliponiona kwenye lile dirisha lenye mwanga aliinua mikono yote miwili. Kisha akaanza kupanda ule ukuta wa theluji kwa magoti, akaja barabarani, anakuja kwenye nyumba. Basi likapiga honi likasimama. Hakuligeukia. Ndipo nilipoelewa. Alikuwa anakuja kunitoa.

Nilishuka zile ngazi sijui vipi. Tulikutana mlangoni. Midomo yake ilikuwa ya bluu, miguu yake sitaki kuiandika. Aliweka kiganja juu ya kichwa changu, kama mtu anayehesabu watoto.

"Bridie," akasema. "Umetoka."

"Nimetoka, Bwana."

"Basi wote wametoka," akasema, na akaniangukia.

Polisi walifika, ambulansi ikafika. Mtu mwenye mbwa alimwambia polisi kwamba alimwona kitambo, akadhani anamsubiri mtu. Wakati wanafunga mlango wa ambulansi nilimwona Évariste anakuja mbio na ovaroli yake, rangi nyeupe mpaka kwenye nyusi. Wiki hizi anapaka rangi ngazi za majengo Rissne. Bethuel alikuwa amempigia kumuuliza yuko wapi na kama miguu inauma. "Nikamwambia viatu ninavyo," alisema, anahema. "Halafu nikajua ni Bwana gani. Ni mimi tu katika kanisa zima ningeweza kujua." Akanivalisha koti lake. Nilikuwa sijavaa langu, na sikuwa nimeona baridi.

Jumamosi, 13 Februari

Hospitalini. Mapafu yamejaa maji. Desmond amefika, mtu mrefu, macho ya baba yake. Nilijiandaa kufukuzwa. Nilimwambia yote, mashine ya kufulia, kengele ya paka, ujumbe wangu uliopeleka watu Hallunda. Hakunifokea. Alikuwa anaogopa kama mimi.

"Anamwita Bridie tangu jana," akasema. "Hata nilipokuwa mdogo alikuwa anamwita usingizini. Nilimuuliza bibi yangu, akaniambia Bridie alikuwa mbwa. Mbwa wao wa zamani. Na mbwa wote waliokolewa, hiyo hadithi kila mtu kwetu anaijua."

Nilikaa na neno hilo. Niliogopa kulijibu, maana ni familia yao, ni bibi yake, na mimi ni mwanamke wa zamu ya mchana. Lakini nilimfikiria yule mtoto kwenye majani anayengoja aulizwe.

"Hakuwa mbwa," nikasema. "Alikuwa anapika mkate. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa baridi. Alilala chini ya paa, na hawakumhesabu."

Desmond alitazama mikono yangu, akatazama mikono ya baba yake juu ya shuka. Kisha akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia sijui. Bwana hakuniambia.

Jumatatu, 15 Februari

Nilisimama mlangoni nikasema hodi. Akasema karibu, kwa shida. Hakuuliza kama wote wametoka. Ni mara ya kwanza tangu nimjue.

Jumanne, 16 Februari

Bwana amefariki alfajiri. Desmond alikuwa naye.

Jumapili, 7 Machi

Theluji ya Hallunda imekuwa nyeusi, inavuja chini ya magari. Desmond alinipigia jana. Ameenda mahali nyumba ilipokuwa. Padri wa kule amempekulia vitabu vya kanisa, hakuna kaburi la Bridie, hakuna jina la ukoo. Kuna majani tu. Alikaa pale mpaka akalowa.

Leo ilikuwa ile Jumapili yetu ya kuwataja waliobaki nyuma. Tunafanya kila mwaka. Hakuna anayesoma orodha, kila mtu anasimama alipo anataja jina la mtu ambaye hakutoka, na kanisa zima linaitikia, "Tunamkumbuka." Évariste alimtaja kaka yake, Urbain. Mama mmoja kutoka Fizi, jirani na Uvira, alitaja majina mengi mpaka mumewe akamshika bega. Mimi nilimtaja mama yangu, kama kila mwaka. Kisha sikukaa.

"Bridie," nikasema.

Niliogopa watauliza. Bethuel aligeuka akanitazama, Wangari naye, na Nicole akanivuta sketi. Kisha kanisa zima likasema, "Tunamkumbuka," na hakuna aliyeniuliza ni wa kijiji gani.